Nani Asimame Kulia

Kila msimu wa mashindano ya shule unapokaribia, simu yangu huanza kulia, na anayepiga ni mmoja wenu niliowafundisha, ambao sasa mna timu zenu. "Shikamoo Madam. Samahani kukusumbua. Hivi kulia tumweke nani?" Hamniulizi hata mahindi yangu ya kijijini Pito yameotaje. Mnajua nimestaafu, basi mnadhani sina kazi. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na mkishamaliza kusoma mniache nipalilie.

Nimefundisha jiografia na michezo hapa Sumbawanga mpaka nywele zikaniacha. Besiboli sikuichagua. Mkuu wa shule alirudi kutoka semina akiwa na sanduku la glovu na magongo ya kupigia, akatupa macho chumba cha walimu, akaona ni mimi peke yangu niliyevaa raba. Ndivyo nilivyopata kazi iliyonipa raha na vidonda vya tumbo kwa miaka yote iliyobaki.

Sikujua chochote. Nilisoma mahali kwamba glovu mpya hulainishwa kwa mafuta, nikazipaka mafuta ya alizeti, maana huku kwetu ndiyo tuliyo nayo tele. Kisha nikazifungia stoo, pamoja na mahindi ya shule. Panya walifanya sherehe. Tulianza msimu ule na glovu zenye vidole pungufu, na fundi viatu wa sokoni akaziziba kwa ngozi ya viatu vya mgambo huku akicheka mpaka sindano ikamchoma. Kwa hiyo, wanangu, tumieni mafuta ya mgando, kidogo tu, na mzining'inize juu kwa kamba.

Sasa turudi kulia. Kwa asiyeujua mchezo huu, wachezaji watatu husimama mbali kabisa na mpigaji: mmoja kushoto, mmoja kati, mmoja kulia. Mpira ukipigwa juu na wao wakaudaka kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Semina zote hufundisha kwamba kulia ndipo pa kumficha mchezaji dhaifu, eti kwa sababu mipira mingi huenda kushoto. Waliosema hivyo hawajasimama kwenye uwanja wetu mwezi wa saba. Upepo wa Ufipa wakati huo hauna adabu. Unauchukua mpira uliopigwa katikati, unausukuma, unausukuma, na unakwenda kuuangusha kulia, kule uwanja unakoinamia. Mtu dhaifu ukimficha pale, kila timu itamwona.

Na mimi hapo kulia ndipo nilipokuwa sina mtu. Au tuseme nilikuwa naye, na ndio ukawa ugomvi wenyewe.

Jina lake Kanisius. Alitokea Pito, akija shule kwa miguu, mrefu, mkimya, suruali ya sare imemwishia juu ya vifundo. Sijapata kumwona mtoto mwingine anayeujua mpira wa juu kama yeye. Nimewafundisha wote kwamba hatua ya kwanza ya mchezaji wa nje ni ya nyuma, kwa sababu kukimbilia mbele ni rahisi na kurudi kinyumenyume ni aibu. Wengine niliwaimbia wimbo huo mwaka mzima. Kanisius nilimwambia mara moja. Gongo likilia tu, alikuwa ameshageuka anakwenda, na mpira ulimkuta amesimama anausubiri.

Lakini alikuwa na kigugumizi kizito. Darasani akiulizwa swali, neno lilimkwama mpaka wenzake wakaanza kutazama dari, na walimu wengine wakaacha kabisa kumwuliza. Besiboli ina neno moja ambalo mchezaji wa nje hawezi kuliepuka. Wawili wakikimbilia mpira mmoja, anayeuwahi hupiga kelele, "Yangu!", yaani zamu ya kuudaka ni yangu. Mwenzake akisikia hivyo anampisha. Asiposikia, anaendelea kukimbia kwa nguvu zake zote, macho yapo angani.

Aliyesimama kati alikuwa Festo, kijana wa Katandala, hapa hapa mjini, mtoto wa mama muuza maharage sokoni. Ndiye aliyekuwa roho ya timu. Ana mbio, ana mkono, ana mdomo. Uwanja mzima ulimsikia. Jioni moja ya mazoezi mpira ulipanda juu baina yake na Kanisius. Kanisius akawahi kufika chini yake. Nilimwona amefungua kinywa, shingo imesimama, midomo inahangaika na lile neno. Festo hakusikia kitu, akajua mpira hauna mwenyewe, akaja na mwendo wake wote.

Mlio wa mifupa ya watu wawili kugongana siusahau, na sitaki nanyi muusikie. Festo alianguka na taya limeumia na meno ya mbele yametoka. Kanisius alikuwa amekaa chini, mpira umo ndani ya glovu, hajauachia. Neno lilimtoka wakati huo, Festo ameshalala. "Yangu," akasema, wazi kabisa, mbele ya watu waliokuwa wanakimbia na maji. Moyo uliniuma kuliko nikiwa msibani.

Festo alipona, akarudi mazoezini na pengo. Mashindano ya kanda yakakaribia, na mshindi alikuwa anakwenda Dar es Salaam. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, nao ulikuwa unafanyikia kwenye chai ya saa nne.

Msaidizi wangu aliitwa Mwalimu Ambakisye, mtu wa Mbeya, mwalimu wa hesabu, mtu mwema lakini akishika jambo halimtoki. Yeye alimtaka Baraka, winga wa timu ya mpira wa miguu.

"Dada, Baraka ana mbio," alisema, kiazi kitamu mkononi. "Na ana sauti. Unataka nini kingine?"

"Nataka adake mpira."

"Atajifunza."

"Lini? Juzi mpira umemjia juu, ameutuliza kwa kifua! Hajapumua vizuri mpaka leo."

Chumba kizima cha walimu kilicheka, na Ambakisye naye akacheka, kisha akaweka kiazi chini. "Sawa. Baraka atapoteza mpira. Tutafungwa, tutarudi nyumbani. Huyo wako atavunja mtu. Hilo nalo unalitaka?"

Hapo alinipata, na nilimchukia kidogo kwa sababu hiyo. Msidhani wabishi wenzenu ni wajinga. Huyu alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na haki zetu hazikutosha kwenye kona moja ya uwanja.

Nikajaribu kila njia. Nilimwambia Kanisius ainue mkono. Haikusaidia, kwa sababu Festo hutazama mpira, hatazami mikono. Nikamnunulia filimbi, aipulize badala ya kusema. Siku ya kwanza aliipuliza vizuri, na mechi ya mpira wa miguu iliyokuwa inachezwa uwanja wa jirani ikasimama, mabeki wakaanza kumzonga mwamuzi wao wakitaka kujua ni faulo gani. Ambakisye alikaa chini kwa kicheko. Filimbi nikairudisha mfukoni.

Kisha nikakumbuka kwamba Kanisius huimba kwaya, na kwenye kuimba neno halimkwami hata kidogo. Nikamwambia aimbe: "Yaaangu!" Mazoezini, mpira nikiurusha mimi kwa mkono, aliimba kama malaika. Ulipopigwa kwa gongo, na Festo anakuja, wimbo ulikwama palepale neno lilipokuwa linakwama. Nilimwona anaufikia mpira kisha anarudi nyuma, anaogopa, mpira unaanguka kati yao wawili. Sasa nilikuwa na mchezaji hodari anayeikimbia kazi yake mwenyewe, na hilo lilikuwa baya kuliko mwanzo.

Wiki ya mechi Mama Festo alikuja shuleni akiwa na kitenge cha sokoni na vumbi la maharage mikononi. Hakutaka kiti.

"Mwalimu, mimi sina mengi. Yule kijana asiyesema atasimama tena karibu na mwanangu?"

"Mama Festo, karibu kwanza ukae."

"Sikai. Nimeshakaa hospitali, nimemnywesha mwanangu uji kwa mrija. Ukimweka yule, Festo hachezi. Nimemaliza."

Nilimweleza nilivyoweza. Nilimwambia kuhusu upepo, na jinsi mipira inavyokwenda kulia, nikaona jinsi maneno yangu yanavyosikika mbele ya mama aliyekabidhiwa meno ya mtoto wake mkononi. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, wewe ni mzazi," akaondoka.

Jioni ile Kanisius alinifuata nikiwa nafunga stoo. Alisimama pale muda, na mimi nikaendelea na kufuli nisimharakishe. Hilo nalo mlijue: mtu wa kigugumizi usimmalizie neno lake hata kama unalijua.

"M-m-madam. M-mweke Baraka."

"Wewe unataka hivyo?"

Akatikisa kichwa, hapana. Kisha akasema, "F-Festo asije aka-akaumia."

"Na wewe?"

Alitazama uwanja. Mimi ninafahamu alichokuwa anapoteza. Kote alikokwenda, dukani, darasani, kanisani mlangoni, watu walimsubiri aseme kisha wakachoka. Kule kulia ndiko kulikuwa na kitu anachokifanya vizuri kuliko wote, na watu walisimama kumtazama akikifanya. Hakukuwa na kingine. Nilimwambia aende nyumbani, giza lisimkute njiani, na nilipobaki peke yangu nililia, na wala sioni haya kuwaambia.

Asubuhi yake nikaamua. Nikamwambia Ambakisye kwamba kulia ni Kanisius.

"Na kati?"

"Festo, akija."

"Asipokuja?"

"Kati utasimama wewe."

Hakucheka. "Dada, mimi nimekuheshimu siku zote. Lakini mtoto akiumia kesho, usiniite kusema tulikubaliana." Akachukua daftari zake akaenda darasani, na mpaka jioni hatukusemezana. Mtu niliyekunywa naye chai miaka yote hiyo.

Festo nilimwambia mwenyewe, nje ya darasa. Nilimwambia mama yake amekataa, na kwamba anayo haki ya kumsikiliza mama yake, na kwamba sitamlaumu. Alisikiliza huku ulimi unacheza kwenye pengo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijibu kwa kifupi. "Nimekusikia, Madam," akasema, akaenda zake.

Siku ya mechi upepo uliamka kabla yetu. Bendera ya kona ilikuwa imenyooka kabisa, inaelekea kulia. Wageni walikuwa wametoka Mbeya, vijana wenye sare mpya na glovu zisizojua panya. Wakaanza kupasha misuli. Kanisius alikuwa pembeni, anafunga kamba za raba na kuzifungua. Kati hakukuwa na mtu. Ambakisye alisimama mbali nami, mikono nyuma, anatazama lango.

Festo aliingia langoni muda unakwisha. Nyuma yake mama yake, na safari hii alikuwa amebeba kigoda.

"Amesema asipocheza hali chakula," Mama Festo aliniambia. "Tangu jana hajala. Basi nimekuja. Nitakaa kulekule. Akiumia, Mwalimu, mimi na wewe tutaonana leo leo."

Akaenda kukaa kando ya mstari wa kulia, peke yake, mahali ambapo hakuna mtazamaji hata mmoja.

Mechi yenyewe siwezi kuisimulia yote, maana nusu yake niliitazama kupitia vidole. Kanisius alidaka mipira miwili ya kwake, mizuri, iliyomfuata kulekule bila Festo kuhusika. Kila alipodaka nilimwona Mama Festo ameshika ukingo wa kigoda. Tulikwenda nao bega kwa bega, na tukafika zamu ya mwisho ya wageni tukiwa tumewazidi kwa pointi moja. Tulikuwa tumebakiza mtu wao mmoja wa kumtoa. Wenzake wawili walikuwa wamesimama kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wanasubiri kukimbia. Mpira ukianguka chini, wote wawili wanaingia, pointi mbili, na sisi tunakwenda nyumbani.

Akaja mpigaji wao mkubwa, yule mwenye mabega. Akapiga.

Mlio ule ukiusikia unajua. Mpira ulipanda, ukapanda tena, umeelekea kati, na Festo akageuka kuufuata. Kisha upepo ukaukamata. Niliuona unahama angani, unaondoka kwa Festo unakwenda kwa Kanisius, unakwenda mahali palepale, katikati yao. Wote wawili walikuwa wanakimbia. Kanisius aliuona mapema, kama kawaida yake, akaufikia. Nikaona kinywa kinafunguka. Nikaona shingo inasimama. Ambakisye alisema, "Mungu wangu," na Mama Festo alikuwa ameshasimama, kigoda kimeanguka, ameingia ndani ya mstari.

Halafu ikaja sauti, kubwa, kutoka kwa mtu ambaye hatukuitarajia kwake.

"Yako! Yako, Kani! Yako!"

Alikuwa Festo. Hakuwa anautazama mpira. Alikuwa anamtazama Kanisius, na huku anakimbia amekata kona, anapita nyuma yake kwa mbali ili mpira ukimponyoka aukute. Kanisius alifunga kinywa. Niliona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Upepo ukausogeza mpira mara ya mwisho, naye akasogea nao, hatua moja, akainua glovu ile yenye kiraka cha kiatu, na mpira ukaingia humo ukatulia.

Sijui nilipiga kelele gani. Ambakisye anasema niliita jina la marehemu mama yangu. Ninachokumbuka ni Baraka, tuliyembishania wiki nzima, ndiye wa kwanza kutoka benchi kwenda kuwarukia, na kwamba Mama Festo alifika pale akiwa na kiatu kimoja, akamshika mwanawe taya akaligeuza huku na huku kama anakagua nazi. Aliporidhika alimgeukia Kanisius. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu amempangusa vumbi begani.

Kule Dar es Salaam tulifungwa vibaya, wala msiniulize. Timu zile zilikuwa zinacheza besiboli ambayo sisi hatukuwahi hata kuiota.

Lakini jioni ile ya ushindi, vijana walipokuwa kwenye tanki la maji wananawa, mimi na Ambakisye tulikuwa tumeshapatana kimyakimya, kwa yeye kunibebea mfuko wa magongo. Tulimwita Festo. Ambakisye ndiye aliyeuliza, maana mtu wa hesabu hawezi kulala bila kujua jibu limepatikanaje.

"Hebu niambie. Hiyo ya 'yako' nani amekufundisha? Madam?"

Festo alitikisa kichwa, maji yanamchuruzika. "Hakuna aliyenifundisha, Mwalimu. Tumefanya mazoezi wenyewe, mimi na Kani, tangu wimbo wa Madam uliposhindikana. Yeye haniiti, mimi namwita. Mpira wa kwangu nasema 'yangu', wa kwake nasema 'yako'. Sasa shida iko wapi?"

"Na mbona hukutuambia?" nikauliza. "Tumegombana hapa karibu tuvunjiane vikombe!"

Alinitazama kwa heshima zote, akifuta uso kwa mkono wa shati.

"Madam, ninyi mlikuwa mnabishana nani asimame kulia. Anayesimama pembeni yake ni mimi, na mimi hamkuniuliza."